Naomba ushauri: begi la kamera la kuingia nalo ndani ya ndege

PichaNaSafari (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, ninaomba ushauri kuhusu begi la kamera ambalo nitaweza kuingia nalo ndani ya ndege bila kulazimishwa kulikabidhi kwenye kaunta au, vibaya zaidi, pale langoni wakati abiria wameshaanza kupanda. Kazi yangu ni kupiga picha za mikutano na sherehe, na safari zinazonikabili ni za kubadilisha ndege, ambapo kipande cha mwisho mara nyingi hufanywa na ndege ndogo ya propela.

Vifaa ninavyosafiri navyo ni kamera mbili za Sony A7 IV, lenzi tatu za Sony za mfululizo wa GM II (milimita 16-35, 24-70 na 70-200), flashi moja ya kamera (taa ya kupigia picha), betri nne za akiba, chaja, pawabanki na kompyuta mpakato ya inchi 14. Tripodi nimeshakubali kuiweka kwenye sanduku la nguo linalokwenda chini ya ndege, kwa hiyo tusihangaike nayo.

Ninasita kati ya begi la mgongoni lililoshonwa mahususi kwa ajili ya kamera, sanduku dogo la magurudumu la wapiga picha, na begi la kawaida la mgongoni ambalo ndani yake hutiwa mfuko wa sponji wenye vigawanyio. Kila ninaposoma maelezo ya watengenezaji ninakutana na lita: lita 30, lita 45, na kadhalika. Je, kipimo hicho kina maana yoyote kwa msafiri wa ndege? Na kama mngelazimika kuchagua moja kati ya aina hizo tatu kwa mzigo huu, mngechagua ipi, na kwa sababu gani?

MizaniMkononi

Ndugu mleta mada, kabla ya kuzungumzia aina ya begi, tupige hesabu ya uzito, kwa sababu hapo ndipo uamuzi wako wote utakapoegemea. Kamera moja ya A7 IV ikiwa na betri na kadi ina gramu 658, kwa hiyo mbili ni 1,316. Lenzi ya 16-35 ni gramu 547, ya 24-70 ni 695, na ya 70-200 bila kishikio chake cha tripodi ni 1,045. Jumla yake ni gramu 3,603, na bado hatujagusa kitu kingine chochote. Ongeza flashi yenye betri zake, karibu nusu kilo. Betri nne za akiba, theluthi ya kilo. Chaja, nyaya na pawabanki, tuseme gramu 700. Kisha kompyuta, ambayo kwa ukubwa huo huwa kati ya kilo 1.2 na 1.6. Umefika kilo sita na nusu hivi, na vifaa bado viko mezani.

Sasa tazama mipaka. Emirates huruhusu kilo 7 kwa abiria wa daraja la kawaida, Lufthansa kilo 8, KLM kilo 12 kwa begi na mkoba mdogo vikijumlishwa, ilhali British Airways huruhusu hadi kilo 23 mradi uweze kulinyanyua begi mwenyewe. Tofauti hizo ni kubwa mno kiasi kwamba hakuna begi linaloweza kusifiwa kuwa linafaa kwa ndege zote bila kutaja mzigo uliomo. Anza na shirika lenye masharti makali kuliko yote katika safari yako, hata kama utalipanda kwa saa moja tu, kisha toa uzito wa vifaa; kinachobaki ndicho uzito ambao begi lenyewe linaruhusiwa kuwa nao. Kwa mpaka wa kilo 7, wewe umebakiwa na nusu kilo, na begi la kamera lenye sponji nene, mikanda minene na zipu nzito hufika kilo mbili kwa urahisi. Sanduku la magurudumu, lenye mpini wa kuvuta na fremu yake, huzidi hapo.

Kwa hiyo mimi ningechagua lile la tatu: begi jepesi la kawaida na mfuko wa sponji ndani yake. Kompyuta, chaja na pawabanki ningezihamishia kwenye mkoba mdogo wa chini ya kiti pale shirika linaporuhusu mkoba wa pili, na lita ningezisahau kabisa. Mashirika hayapimi lita. Yanapima sentimita na kilo, na mabegi mawili ya lita 30 yanaweza kuwa na maumbo yasiyofanana hata kidogo.

KitiChaDirishani

Ninaungana na mchangiaji aliyetangulia kuhusu lita, na nitaongeza habari ya sentimita. Lufthansa huruhusu 55 × 40 × 23, KLM 55 × 35 × 25, British Airways 56 × 45 × 25, na mashirika makubwa ya Marekani takriban 56 × 36 × 23. Ukichukua kipimo kidogo kabisa katika kila upande, unapata 55 × 35 × 23, na hicho ndicho kipimo cha kutafuta, si kile kikubwa kinachoandikwa kwenye matangazo kuwa kinakubalika kimataifa. Yapo mashirika yanayoishia sentimita 20 katika unene, na kama moja kati ya hayo liko kwenye safari yako, shuka hadi hapo. Pima begi likiwa limejaa, mifuko ya nje ikiwa na vitu, kwa sababu vipimo vya mtengenezaji kwa kawaida ni vya begi tupu, na mfuko wa mbele uliotiwa chaja na flashi huongeza sentimita tatu au nne bila mtu kutambua.

Jambo ambalo sijaona likitajwa ni ile ndege ndogo ya mwisho. Katika ndege kama ATR 72 au Dash 8, makabati ya juu ya viti ni madogo kiasi kwamba begi lililokubaliwa kihalali kwenye ndege kubwa ya kwanza halitaingia, na wafanyakazi hulichukua mlangoni na kulishusha chini. Hapo si suala la kubishana, kwa kuwa nafasi haipo. Begi linalokufaa ni lile ambalo katika dakika moja unaweza kuuchomoa mfuko wa ndani wenye kamera na lenzi, ukauweka chini ya kiti cha mbele yako, na kulikabidhi ganda lililobaki likiwa na kitu kisichovunjika. Kampuni kama F-stop na Shimoda hutengeneza mabegi kwa mfumo huo wa sanduku la ndani linalotoka, ila hata mfuko wa sponji ulionunuliwa peke yake hufanya kazi hiyo hiyo, mradi uwe na kifuniko chenye zipu na mshikio wa kubebea. Wengi husahau mshikio huo, kisha hujikuta wamekumbatia boksi la sponji lililo wazi katikati ya foleni.

MagurudumuMawili

Naomba nitetee sanduku la magurudumu, maana naona linahukumiwa kabla ya kusikilizwa. Yule anayebeba kilo kumi na zaidi za vifaa, anayetembea kwenye viwanja vikubwa kwa nusu saa kutoka lango moja hadi jingine, na anayepanda zaidi ndege kubwa za mashirika yasiyopima uzito kwa ukali, atalinda mgongo wake vizuri zaidi kwa magurudumu kuliko kwa mikanda ya begani. Mifululizo kama Airport ya Think Tank, kampuni ya mabegi ya kamera, ilibuniwa kwa watu hao, na kuta zake ngumu hulinda lenzi dhidi ya masanduku ya wengine yanayosukumwa ndani ya kabati. Isitoshe, sanduku la magurudumu hufanana na mizigo ya kila mtu na halimtangazii mwizi kilichomo.

Hata hivyo nakubali kwamba kwa mleta mada, mwenye ndege ya propela mwishoni na pengine mpaka wa kilo 7, sanduku hilo si jibu. Magurudumu na mpini hula nafasi ya ndani pamoja na uzito, na kuta ngumu hazibonyei, ilhali begi laini huweza kusukumwa likakaa mahali ambapo kwa kipimo halikupaswa kuenea.

VoltiSaba

Naona betri zimetajwa kama uzito tu, ilhali zenyewe ndizo zenye sheria kali kuliko kitu kingine chochote katika orodha hiyo. Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kuwekwa kwenye mzigo unaokwenda chini ya ndege. Lazima ziwe nawe ndani, na ncha zake za chuma ziwe zimefunikwa ili zisigusane na funguo au sarafu. Zenye saa-wati 100 au pungufu hazihitaji kibali, zile za kati ya 100 na 160 huhitaji ridhaa ya shirika na haziruhusiwi kuzidi mbili za akiba, na zaidi ya 160 abiria haruhusiwi kabisa kuzibeba. Saa-wati hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea-saa: betri yako ya NP-FZ100 ina volti 7.2 na miliampea-saa 2,280, yaani saa-wati 16.4, kwa hiyo huna wasiwasi. Pawabanki huhesabiwa kama betri ya akiba. Ya miliampea-saa 20,000, kwa volti 3.7 za seli zake, ni saa-wati 74. Ya 30,000 hufika 111, na hapo umeshavuka mpaka wa kwanza.

Hili linaingia moja kwa moja katika uchaguzi wa begi. Begi likichukuliwa mlangoni, betri za akiba na pawabanki ni lazima zitolewe kwanza, na mtu aliyezitawanya katika mifuko mitano ya ndani ataizuia foleni nzima. Tena, baada ya ndege ya Air Busan aina ya Airbus A321 kuungua ikiwa bado ardhini katika uwanja wa Gimhae tarehe 28 Januari 2025, na wachunguzi kuishuku pawabanki, Korea Kusini ilipiga marufuku pawabanki kwenye makabati ya juu, na Emirates ilifuata kwa kuzuia matumizi yake ndani ya ndege kuanzia tarehe 1 Oktoba mwaka huo. Tafuta begi lenye mfuko mmoja wa nje, wa juu, unaofikika bila kulifungua begi lote, na betri zote zikae humo ndani ya kikoba kimoja.

PichaNaSafari (mleta mada)

Nashukuru kwa michango hii, hasa hesabu ya uzito, ambayo imenionyesha kwamba begi la kilo mbili nililokuwa nikilitamani lisingefaa. Nimebakiwa na maswali mawili. Kwanza, mfuko wa sponji ndani ya begi la kawaida hautanisumbua kwenye ukaguzi wa usalama? Pili, ikitokea nimeshindwa kabisa na kamera zikapelekwa chini, shirika litanilipa zikivunjika?

KitiChaDirishani

Kwenye ukaguzi mfuko huo ni nafuu, si usumbufu. Tangu Julai 2017 wakaguzi wa Marekani walitangaza kwamba vifaa vya umeme vikubwa kuliko simu vitolewe na kuwekwa peke yake kwenye trei, kamera zikiwemo, na viwanja vya nchi nyingine vina utaratibu unaofanana na huo, isipokuwa pale penye mashine mpya zinazochunguza begi kwa pande zote. Mfuko unaotoka mzima, ukafunguliwa na kuwekwa kwenye trei, humwonyesha mkaguzi kila kitu kwa mara moja. Kwa wanaopiga picha kwa filamu, mashine hizo mpya huharibu filamu ambayo haijasafishwa, kwa hiyo filamu iwe kwenye mfuko unaoonyesha kilichomo na waombe ikaguliwe kwa mkono. Lakini hilo halimhusu mleta mada.

Kuhusu mpangilio, begi linalofunguka upande wa mgongoni ni salama zaidi likiwa limevaliwa, lakini linataka kulazwa chini ndipo lifunguke. Kwenye trei hilo si tatizo. Kwenye kiti chembamba cha ndege ni tatizo kubwa, na ndiyo maana ningependelea lenye mlango wa pili, wa ubavuni au wa juu.

MizaniMkononi

Nijibu swali la fidia. Kwa safari za kimataifa zinazotawaliwa na Mkataba wa Montreal wa 1999, kikomo cha dhima ya shirika kwa mizigo ni SDR 1,519 kwa kila abiria tangu tarehe 28 Desemba 2024, SDR ikiwa ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Kiasi hicho hakifikii bei ya vifaa vyako, labda uwe umetoa tamko maalumu la thamani na kulipia ziada wakati wa kukabidhi mzigo. Zaidi ya hayo, masharti ya usafirishaji ya mashirika mengi humtaka abiria asiweke kamera na vitu dhaifu kwenye mzigo huo, na msimamizi wa madai atakuwa wa kwanza kukukumbusha kifungu hicho. Bima ya vifaa iliyo mbali na tiketi, pamoja na orodha ya namba za mfululizo za kamera na lenzi, ndiyo kinga yenye maana.

Ningependa pia uipime ile 70-200 kabla ya kununua mfuko wa sponji. Ina urefu wa sentimita 20 bila kifuniko cha nyuma, na ikilazwa hula upande mzima wa mfuko, ilhali ikisimamishwa hudai kina ambacho mifuko mingi ya kukaa chini ya kiti haina. Ilaze, weka kamera moja ikiwa imefungwa lenzi ya 24-70 kando yake, na kamera ya pili uivae shingoni ikiwa na 16-35 wakati wa kupanda; hapo mfuko utapungua kilo moja na zaidi kwenye mizani, na utaingia hata chini ya kiti cha ATR.