Nimeombwa nitangaze vitenge kwenye redio ya mtandaoni. Hiyo ni redio kweli?

Mama Vitenge
Habari za jioni, ndugu zangu. Nauza vitenge hapa Arua. Wateja wangu ni wa mjini, na wengine wanavuka kutoka Ariwara upande wa Kongo. Juzi kijana mmoja amekuja dukani, ana adabu zake, anasema ana redio ya muziki: rumba na zilipendwa kutwa nzima. Anataka laki moja na nusu kwa mwezi, awe anataja duka langu mara nne kwa siku. Nikamuuliza masafa ni ngapi niitafute. Akacheka. Haina masafa, ni ya mtandaoni, nifungue linki kwenye simu.

Muziki ni mtamu, sisemi uongo. Ila mume wangu anasema redio isiyo na mnara ni kijana na kompyuta yake tu, nisitupe hela. Kaka yangu wa Kampala anasema sisi ndio tumebaki nyuma. Nisaidieni: ni redio au siyo? Na hela nitoe?

Afande Mstaafu
Dada, namuunga mkono shemeji. Redio unawasha, inasema, basi. Jeshini tulikuwa na karedio ka betri mbili, porini kabisa, na taarifa ya habari haitupiti. Januari 2021 intaneti ilipozimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi, hizo linki zilikuwa wapi? FM ziliendelea kuunguruma.

Kijana wa Nsambya
Afande, shikamoo. FM nazo huzimwa. CBS, redio ya ufalme wa Buganda, ilifungwa Septemba 2009, ikarudi hewani Oktoba 2010. Mnara haukuisaidia kitu.

Afande Mstaafu
Marahaba. Hapo umenipiga chenga, lakini redio moja kufungwa si sawa na zote kunyamaza siku moja.

Fundi Mitambo
Ngoja niseme zinavyofanya kazi, maana ubishi wote huu unatoka huko. FM ina mtambo mmoja unaorusha wimbi, kati ya masafa 87.5 na 108, na kila mwenye redio ndani ya eneo hilo anapokea. Wasikilizaji wawe kumi au laki moja, mwenye kituo analipa umeme uleule, na msikilizaji halipi chochote.

Mtandaoni ni kinyume. Sauti inatoka kwenye kompyuta ya kijana inakwenda kwenye seva, yaani kompyuta ya kugawa sauti, na seva inampa kila msikilizaji mkondo wake peke yake. Wakiongezeka, gharama ya seva inapanda. Na msikilizaji naye anakatwa: mkondo wa kilobiti 64 kwa sekunde unakula karibu MB 29 kwa saa. Mama akiuacha dukani kwa muda wa saa nane, hizo ni kama MB 230 kwa siku. Nani pale sokoni atachoma MB zote hizo ili asikie tangazo lako? Kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku iliondoka 2021, lakini badala yake ikaja asilimia 12 juu ya data.

Tena inachelewa. Siku ya mpira, jirani wa FM ameshapiga kelele za goli, wewe wa linki bado unangoja kona ipigwe.

Lakini kuiita si redio, hapana, sikubali. Kuna mtu kwenye maikrofoni, kuna ratiba, na wote wanasikia wimbo mmoja kwa wakati mmoja. Ukichagua nyimbo mwenyewe kwenye simu, hapo ndipo hakuna redio.

Shangazi wa Mukono
Huku vijijini kwetu kuna bizindaalo, zile spika zilizofungwa juu ya mlingoti pale senta. Asubuhi mtu anasoma misiba, ng'ombe aliyepotea, bei ya mahindi, halafu anaweka nyimbo. Waya tu na spika, masafa hakuna. Na watu wanasema "nimesikia redioni". Kwa hiyo mnara usitusumbue. Cha kuuliza ni kama wanaomsikia huyo kijana ndio wanunuzi wako.

Kijana wa Nsambya
Na jambo lenyewe si la leo. WXYC, redio ya wanafunzi kule Chapel Hill, Marekani, ilianza kurusha matangazo yake ya FM kwenye intaneti tarehe 7 Novemba 1994. Kipindi kilekile, mtangazaji yuleyule. Tuseme aliyesikia kwa kompyuta siku hiyo hakusikiliza redio?

Hata UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda, Machi 2018 walitangaza kwamba wanaorusha matangazo mtandaoni, redio na televisheni zikiwemo, waombe idhini. Mama, muulize kijana kama anayo. Muulize pia habari za haki za wanamuziki, maana tuna sheria ya hakimiliki tangu 2006 na chama cha UPRS kinakusanya malipo ya nyimbo. Rumba ina wenyewe. Akifungiwa katikati ya mwezi, hela yako utaidai kwa nani?

Mkongomani wa Nakivale
Mimi nasikiliza hizo za mtandaoni kila usiku, kwa sababu hakuna FM ya hapa inayonipigia rumba saa tatu mfululizo. Nina redio mbili basi, ya habari na ya roho. Lakini mchana siwashi, MB ni za kuongea na watoto.

Shangazi wa Mukono
Umesikia hapo, Mama? Usiku. Tangazo la saa nne asubuhi ni la bure kwa kuku. Tena mwambie akufungulie ukurasa wa seva yake mbele yako. Unaonyesha watu wangapi wanasikiliza sasa hivi na wako wapi. FM haiwezi kukuonyesha hivyo, wao ni makadirio tu.

Mama Vitenge
Asanteni sana. Nimemwita leo, amefungua bila kusitasita, nimempa alama kwa hilo. Mchana kulikuwa na watu sita. Jana usiku walifika arobaini na kitu: wengi Kampala, wengine Ulaya, wa Arua watatu, mmoja wao mimi mwenyewe. Idhini ya UCC anasema "iko njiani". Hakimiliki akanyamaza.

Fundi Mitambo
Basi laki na nusu usitoe. Mpe elfu ishirini kwa wiki, atangaze usiku tu, na aseme unatuma mizigo Kampala kwa basi na malipo kwa simu. Wa Arua na Ariwara wafuate kwa FM ya hapo mjini, matangazo machache siku ya kuamkia soko. Kijana akileta karatasi ya UCC, ndipo mzungumze mwezi.

Afande Mstaafu
Elfu ishirini sawa. Ila alipwe baada ya wiki kwisha, si kabla.

Mama Vitenge
Amekubali kulipwa mwisho wa wiki. Mume bado ananuna, lakini jioni amelala na ile rumba sikioni, na MB ni zangu.

Mkongomani wa Nakivale
Mama, hivyo vitenge, unavyo vya buluu vyenye ndege? Basi likipita Mbarara mtu wangu anaweza kupokea.