Skini zinazopendeza zikichakaa: AWP Asiimov ninunue ya floti ngapi?

Nakawa_AWP
Habari zenu wakuu. Nataka AWP Asiimov, yaani bunduki ya AWP yenye skini (rangi ya mapambo) ya Asiimov, kwenye mchezo wa Counter-Strike 2 (CS2). Nataka ya Battle-Scarred, hali ya uchakavu mkubwa kabisa, ile ambayo darubini yake imegeuka nyeusi tupu. Kwenye soko la Steam, duka la michezo la mtandaoni, zote zimeandikwa Battle-Scarred, lakini nikizikagua, moja ina darubini nyeusi kama mkaa na nyingine ina mabaka meupe kama ukuta unaobanduka chokaa. Tofauti hii inatoka wapi? Nikinunua yenye mabaka nikaichezea miezi sita, itaendelea kuchakaa mpaka iwe nyeusi? Na kuna skini nyingine ambazo uchakavu unazifaa kuliko upya? Niko Kampala, nalipa kwa kadi inayojazwa kutoka kwenye pesa za simu, kwa hiyo sitaki kununua mara mbili.

Fundi_Jinja
Nianze na swali lako la pili, maana ndilo linalowapotezea watu pesa. Hapana, skini haichakai kwa kuchezewa. Kiwango cha uchakavu, ile namba tunayoiita floti, hupangwa mara moja tu skini inapotoka kwenye sanduku au kwenye mkataba wa kubadilisha (skini kadhaa za chini kwa moja ya juu), na haisogei tena. Ukinunua ya 0.52, hata mwakani itakuwa 0.52.

Floti huanzia 0 hadi 1, na majina ya hali kama Battle-Scarred ni vipande vya kipimo hicho, kuanzia mpya hadi iliyochakaa. Factory New inaishia 0.07, Minimal Wear 0.15, Field-Tested 0.38, Well-Worn 0.45. Kuanzia hapo mpaka 1.00 yote ni Battle-Scarred. Well-Worn imepewa upana wa 0.07 tu, na Battle-Scarred imekalia zaidi ya nusu ya kipimo chote! Ndiyo maana bunduki mbili zenye jina moja zinaweza zisifanane kabisa.

Asiimov ya AWP ina mipaka yake: 0.18 hadi 1.00. Haina Factory New wala Minimal Wear, kwa hiyo atakayekuahidi mojawapo anakudanganya. Ikiwa kwenye 0.45 hadi 0.60 hivi, darubini ni nusu nyeupe nusu nyeusi, na kwangu hapo ndipo inapokuwa mbaya kuliko popote. Ukipanda, weupe unazidi kuisha. Kwenye 0.95 kwenda juu darubini yote ni nyeusi, na hiyo ndiyo inayoitwa Blackiimov. Uzuri wake ni kwamba mwili unabaki na rangi ya chungwa na nyeupe ya kutosha, kwa hiyo weusi wa darubini unaonekana umekusudiwa. Na ukiishika AWP, darubini ndiyo iliyo karibu na jicho lako kuliko sehemu nyingine yoyote.

Kwa hiyo tafuta 0.95 au zaidi. Ya 0.90 inaweza kuwa na mabaki meupe, ikague kwanza. Lakini usiongeze pesa nyingi ili utoke 0.96 ufike 0.99. Hapo unalipia namba, jicho halitaona cha maana.

Kasese_Tekscha
Fundi amemaliza habari ya namba. Mimi niongeze kwa nini skini nyingine zinachakaa vizuri na nyingine zinaharibika tu. Jibu liko kwenye aina ya upakaji wa rangi, na ukiikagua skini ndani ya mchezo utaona aina yake imeandikwa.

Rangi ya kupuliza inaisha kwenye kingo na pale mkono unaposhika, chuma kinatokea. Angalia tangi la pikipiki ya boda iliyokaa barabarani miaka mitatu: pale magoti yanapobana rangi imekwisha na bati linang'aa, lakini karibu na kifuniko cha mafuta bado ni mpya. Skini za Safari Mesh ziko hivyo. Mipaka yake ni 0.06 hadi 0.80. Zikiwa mpya zinaonekana kama plastiki, ila zikikaribia 0.80 chuma kinashinda rangi na bunduki inapata sura ya kazi. Bei zake ni ndogo mno, kwa hiyo anzia huko kujifunza kabla ya kugusa Asiimov.

Patina ni habari nyingine. Haichuniki. Inafifia na kuwa nyeusi-nyeusi, kama sufuria ya shaba iliyoachwa bila kusuguliwa. Case Hardened iko kundi hili. Buluu yake inazama gizani, na kwa maoni yangu hapo uchakavu unaiibia skini kitu chake cha thamani. Usinunue Case Hardened ya Battle-Scarred ukitegemea itakuwa "na sura ya vita".

Halafu kuna Custom Paint Job na Gunsmith. Hapa mchoraji anaweza kuamua mwenyewe sehemu gani iwahi kuisha na ipi ichelewe. Ukiona darubini imekwisha kabla ya mwili, usidhani ni bahati mbaya.

Ambazo ningependekeza: visu vya Rust Coat, mipaka 0.40 hadi 1.00, yaani kuna Well-Worn na Battle-Scarred tu, kwa sababu kutu ndiyo skini yenyewe. Galil AR Chatterbox, 0.35 hadi 0.75, nayo haina hali ya upya. AK-47 Wasteland Rebel pia, maana mchoro wake tayari ni wa maandishi ya ukutani na mikwaruzo inaingia humo bila kugombana na kitu.

Za kukwepa: AK-47 Vulcan, kwa sababu weupe safi ukikwaruzwa unaonekana uchafu tu. Na AK-47 Redline haivuki 0.70, kwa hiyo usisubiri igeuke kitu kingine. Kinachotokea ni weusi kuwa kijivu na ule mstari mwekundu kukatika-katika.

Mbarara_Soko
Sasa ununuzi wenyewe, ssebo. Bonyeza Inspect in Game kwenye tangazo, kisha weka mshale juu ya alama ya "i". Utaona floti kamili na namba ya mchoro. Usidharau hiyo ya pili. Skini mbili zenye floti sawa zinaweza kuwa na mikwaruzo mahali tofauti, kwa sababu namba ya mchoro ndiyo inayohamisha pale mikwaruzo inapoangukia.

Kabla hujaamua, pandisha Model / Texture Detail na Shader Detail. Kompyuta nyingi za kafe zimewekwa chini kabisa ili mchezo usigande, na hapo mikwaruzo inakuwa ukungu tu, huwezi kuhukumu chochote. Ukiwa na bunduki mkononi, bonyeza H ihamie mkono wa kushoto ili uone upande wa pili.

Kuhusu pesa: ada ya soko la Steam ni asilimia 15, yaani 5 ya Steam na 10 ya mchezo. Muuzaji akitaka dola 10, wewe unalipa 11.50. Ukinunua isiyokufaa ukaiuza, ada inakatwa tena, na salio haliwezi kurudi kwenye simu yako. Jaza mara moja kiasi kinachotosha, maana kila ukijaza kuna makato na kubadilisha shilingi kuwa dola. Washa Steam Guard (ulinzi wa akaunti ya Steam) kwenye simu mapema, kwa sababu soko linataka iwe imewashwa siku 15.

Ukiamua kubadilishana na mtu nje ya soko, usiingize nywila kwenye kiungo ulichotumiwa. Wezi wanaitumia kutengeneza ufunguo wa API (unaoruhusu programu yao kuendesha mabadilishano yako) kwenye akaunti yako, kisha wanafuta mabadilishano ya kweli na kuleta ya uongo yenye picha na jina lile lile.

Nakawa_AWP
Asanteni sana, nimeelewa. La mwisho: nikiweka stika kwenye Blackiimov, nayo itachakaa ifanane na bunduki?

Kasese_Tekscha
Haitachakaa. Stika haifuati floti ya bunduki, na stika mpya inayong'aa juu ya mwili uliochubuka inaonekana kama imebandikwa jana. Ikwangue wewe mwenyewe kidogo kidogo, ukiikagua kila hatua. Ukizidisha inatoka kabisa na hairudi. Nafasi ni tano na unaweza kuiweka popote, ila usiiweke kwenye darubini, utafunika weusi ulioulipia. Iweke nyuma kwenye kitako, pale penye chungwa. Na kama umeipata bunduki kwa kubadilishana, inalindwa siku 7. Ndani ya siku hizo huwezi kuigusa kwa stika wala kuihamisha.