Naomba ushauri: mdogo wangu anataka kusomea fizikia ya leza na plazma

Habari zenu wakuu, niko Kigoma, Ujiji. Mdogo wangu kamaliza digrii ya fizikia na anataka aende mpaka PhD kwenye leza na plazma (gesi yenye chaji ya umeme), toka asikie lile jaribio la Marekani Desemba 2022 la kuunganisha viini vya atomi, miali 192 ya leza ikapiga kidonge cha haidrojeni, ikaingia nishati ya megajuli 2.05 ikatoka 3.15, basi haongei kingine. Mzee anataka aombe ualimu kwanza, mi naona kipaji hiki kisilale. Wenye uzoefu, aanze masta hapa nchini au atafute skolashipu Afrika Kusini moja kwa moja? Na zile kozi za optiki (fizikia ya mwanga) za ICTP, kile kituo cha kimataifa cha fizikia kule Trieste, Italia, mwenye digrii moja tu anapokelewa? Hesabu anaziweza mno ila maabara ya leza hajawahi kuingia, hapo ndo nina wasiwasi.