Nina mimba, mkataba unaisha, naambiwa niandike barua ya kuacha kazi. Nifanyeje?

Fundi Kiuno
Wakuu, heshima zenu. Mimi ni mshonaji kwenye kiwanda cha nguo za kuuza nje, niko laini ya suruali, kazi yangu kufunga viuno. Huu ni mwaka wa tatu, ila kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Ukiisha tunaitwa, tunasaini mwingine, tunarudi mashineni. Nakala hatupewi.

Sasa nina mimba ya miezi mitano. Nilikuwa naificha kwa aproni kubwa, lakini supavaiza si kipofu. Juzi akaniita pembeni, kwa upole kabisa: "Dada, andika tu barua kwamba unaacha kazi kwa sababu za kifamilia. Mtoto akipata nguvu njoo, nitakurudisha kwenye laini yangu." Ofisini nako wanasema likizo ya uzazi ni ya wenye ajira ya kudumu, sisi wa mkataba haituhusu.

Huyo supavaiza kwa kweli hajawahi kunitendea ubaya, sitaki kumuudhi. Halafu wapo wenzangu waliokataa kuandika, mikataba yao haikuongezwa. Kwa hiyo uandike usiandike, uko nje. Bora nibaki na ahadi yake? Nchi sitaji, dunia ndogo hii. Naomba kuwasilisha.

Mzee wa Zamu
Usiandike. Wengine watakueleza sababu.

Kijiti
Si ungesubiri upate ajira ya kudumu ndiyo ubebe mimba?

Mama Ovaloki
Kijiti, mtu anasainishwa miezi mitatu mitatu mwaka wa tatu huu. Angesubiri mpaka ukomo wa hedhi?

Mpenda Haki
Pole dada. Hiyo barua ndiyo kitu pekee wanachokihitaji kutoka kwako. Ukiiandika, umeacha kazi kwa hiari yako; hakuna aliyekufukuza, na ambaye hakufukuzwa anadai nini? Wakikataa kuongeza mkataba ilhali hujaandika chochote, wao ndio wenye kueleza kwa nini. Mlangoni mtatoka wote, sawa, lakini mmoja ametoka na kesi mkononi na mwingine ametoka mikono mitupu.

Kwa kuwa nchi hujataja, chukua mifano uone sheria zinavyokwenda. Tanzania, sheria ya ajira ya 2004 inahesabu kwamba umeachishwa kazi pale mwajiri anapokataa kuongeza mkataba wa muda maalumu wakati ulikuwa na sababu ya msingi ya kutarajia utaongezwa. Mikataba iliyofuatana kama yako ndiyo inayojenga matarajio hayo. Ule utumishi wa miezi sita unaotakiwa ili ulindwe dhidi ya kuachishwa isivyo halali nao unajumlishwa hata kama ulikuwa chini ya mikataba zaidi ya mmoja, ilimradi mwajiri ni yuleyule. Kenya, sheria ya 2007 inamtoa kibarua kwenye ukibarua akishafanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi; anahesabiwa ni mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Na kote huko mimba si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi.

Likizo yenyewe: Tanzania siku 84, na 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kenya miezi mitatu. Uganda siku 60 za kazi. Kwa hiyo hilo la "haiwahusu wa mkataba" usilichukue kwa mdomo. Mwombe aliyesema akuonyeshe limeandikwa wapi.

Upande wa Pili wa Meza
Mimi nipo ofisi ya rasilimali watu kwenye kiwanda kama hicho, na najua nitatukanwa, lakini acheni niseme. Mshonaji akienda likizo, kiwanda kinamlipa yeye na kinamlipa aliyekalia mashine yake. Oda ina tarehe ya meli, mnunuzi hajali nani kajifungua. Laini ikiwa na wanawake watupu, hesabu hiyo inakuja kila mwezi. Wakubwa hawasemi "tunachukia wajawazito." Wanasema "mikataba iwe mifupi." Mimi mwenyewe nimeichapa hiyo mikataba.

Mpenda Haki
Hakuna wa kukutukana, umesema jambo ambalo watu wengi wanalipita juu juu. Pale mwajiri mmoja anapoachiwa mzigo wote wa likizo, kila mwanamke wa umri wa kuzaa anaonekana ni gharama, na njia ya mkato ni mkataba mfupi. Hili lilionekana mapema mno. Mkutano wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, mwaka 1919, ulipitisha mkataba wa kulinda uzazi, na ukataka malipo yatoke mfuko wa umma au bima. Mkataba wa sasa, namba 183 wa mwaka 2000, unaweka likizo isiyopungua wiki 14 na kurudia lilelile: malipo yatoke kwenye bima ya jamii au fedha za umma, mwajiri asibebeshwe peke yake bila ridhaa yake, isipokuwa kwa masharti maalumu.

Afrika Kusini mjamzito anadai kwenye mfuko wa bima ya wasio na kazi. India mwaka 2017 waliongeza likizo kutoka wiki 12 hadi 26, jambo zuri kwa macho, ila mahali ambapo bima ya wafanyakazi haifiki mwajiri ndiye analipa zote. Wiki zimeongezeka, na hofu ya kuajiri wanawake ikaongezeka nayo.

Lakini mkuu, hayo ni ya kudai serikalini. Hayahalalishi kumsainisha mtu barua ya uongo.

Upande wa Pili wa Meza
Hapo sina ubishi. Na dada, ahadi ya supavaiza isikudanganye. Hana mamlaka ya kuajiri hata awe malaika, na supavaiza wanahamishwa laini kila oda mpya.

Mama Ovaloki
Nimeshona miaka mingi, nakwambia ya mkononi. Siku ya kusaini, omba kusoma, piga picha kila ukurasa. Hati za mshahara zote, hata zilizokunjamana, tia kwenye bahasha. Kadi ya kazi piga picha mbele na nyuma. Meseji za malipo usifute. Hivyo vyote uviweke nyumbani, siyo kabatini kiwandani. Simu ikiibwa je? Mtumie dada yako nakala.

Halafu toa taarifa ya mimba kwa maandishi sasa hivi, kabla mkataba haujaisha. Wengi wanaogopa hapa, wanadhani kunyamaza ndiyo usalama. Ukinyamaza watasema "hatukujua," na kesi yote inaanzia kwenye kujua au kutojua.

Lebo
Swali dogo: lebo mnayoshona ni ya kampuni gani? Usitaje hapa, jua tu mwenyewe. Kampuni nyingi kubwa za nguo zina kanuni kwa viwanda vinavyozishonea, na kubagua mjamzito ni marufuku humo. Kanuni peke yake ni karatasi, kweli. Ila Lesotho, kwenye viwanda vya jinzi, ilibainika wasimamizi walikuwa wakidai ngono ili mwanamke aongezewe mkataba. Mwaka 2019 vyama vya wafanyakazi na mashirika ya wanawake wakasaini makubaliano na wanunuzi: chombo huru kichunguze malalamiko, na kiwanda kikikaidi oda zipungue. Hapo ndipo kiwanda kilipoanza kusikia. Kama kuna chama cha wafanyakazi hapo kwenu, waulize kama wana mtu wa kumfikia mnunuzi.

Fundi Kiuno
Asanteni sana wakuu. Chama kipo, mwakilishi wetu ni mama wa laini ya mashati, nitamwona kesho wakati wa chakula. Picha ninazo za mkataba wa sasa na uliopita, nilipiga chini ya meza. Na wajawazito laini yetu siko peke yangu. Barua ya taarifa niiandikeje? Sijawahi kuandika barua ya ofisi.

Mpenda Haki
Fupi, bila kulalamika. Weka tarehe, jina lako, namba ya kadi, idara, kisha:

"Napenda kuutaarifu uongozi kuwa ni mjamzito, na natarajia kujifungua mwezi wa ___. Nimeambatanisha nakala ya kadi ya kliniki. Nipo tayari kuendelea na kazi, na naomba kupewa likizo ya uzazi kwa mujibu wa sheria."

Hayo maneno "nipo tayari kuendelea na kazi" usiyaondoe. Toa nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea ubaki nayo. Wakikataa kugonga, mwakilishi aandike kwamba alikuwepo, jina na saa. Hao wenzako wajawazito kila mmoja apeleke yake, siku hiyohiyo.

Na ukisikia mkataba hauongezwi, nenda ofisi ya kazi wiki hiyohiyo. Muda wa kulalamika ni mfupi. Tanzania, kwa mfano, ni siku 30 tangu kuachishwa, ukichelewa unaanza kwanza kuomba kibali cha kusikilizwa nje ya muda.