Barafu nyeupe imetoka kwenye shina la mmea wa porini. Ni kitu gani hiki?

Mama Neema, Texas

Wakuu, habari za asubuhi kwa mlio huku, na za jioni kwa mlio nyumbani.

Nakaa nje kidogo ya Austin. Nyuma ya nyumba tunayopanga kuna korongo lenye mialoni mikubwa, na chini yake magugu marefu yanayofika kifuani. Leo nimetoka zamu ya usiku, nikafika nyumbani kabla jua halijachomoza. Simu ilikuwa inaonyesha nyuzi 3 chini ya sifuri, baridi ya kwanza ya maana tangu mwaka huu uanze kupoa. Chini ya miti nikaona vitu vyeupe vimetapakaa. Nikadhani ni karatasi zimepeperushwa na upepo, nikashuka kuziokota.

Wakuu, ni barafu. Tena si ile iliyokuwa kwenye kioo cha gari. Hii imetoka kwenye shina lenyewe, kuanzia pale linapoota hadi kama shubiri moja juu, kwa tepe pana na nyembamba sana zilizojikunja. Nyingine zimelizunguka shina lote. Shina limechanika kwa urefu na utepe umetokea kwenye ule mchaniko. Juu, mmea umenyauka, majani yananing'inia yamekuwa meusi. Nimegusa utepe mmoja ukavunjika papo hapo. Saa nne nimerudi na wanangu kuwaonyesha, hakuna kitu, ardhi tu imelowa.

Hii ni nini? Maji yametoka wapi, na mvua mara ya mwisho ilinyesha wiki iliyopita? Na kwa nini mmea huo mmoja tu, wakati majani mengine pembeni hayana chochote? Nauliza kwa haraka kidogo kwa sababu mwenye nyumba amesema Jumamosi anakuja na mashine kufyeka lile korongo lote.

Naomba kuwasilisha.

Kijana wa Makete

Dada, hiyo ni sakitu. Umande unaganda usiku hewa ikipoa. Kwetu mwezi wa sita na wa saba inalala juu ya viazi, asubuhi shamba jeupe, mchana majani yameungua yote. Usiwe na wasiwasi.

Fundi Bomba, Houston

Mama Neema, mimi kazi yangu ni mabomba. Maji yakiganda yanavimba, karibu asilimia 9. Februari 2021 nyumba nyingi sana za Texas zilipasuka mabomba kwa sababu hiyo hiyo, sikulala wiki nzima. Shina lina maji ndani, yameganda, yakavimba, yakapasua, yakamwagika nje. Ndiyo maana umeona mchaniko.

Mkibosho

Mama Neema, pole na zamu, na hongera kwa macho. Watu wengi huku wanazeeka bila kuiona, kwa kuwa hawatoki nje saa hizo.

Mmea huo naufahamu vizuri. Nafanya kazi ya bustani katika vilima vya hapa Texas ya kati, na kabla ya kuja huku nilikuwa mpagazi Kilimanjaro, kwa hiyo barafu ya ardhini nimeianza mapema. Kwa maelezo yako huo ni Verbesina virginica, wenyeji wanaujua kwa jina la frostweed. Ni wa jamii moja na alizeti. Unaota kivulini chini ya mialoni na mipekani, unafika mita moja hadi mbili, na kuanzia mwezi wa nane hadi wa kumi na moja una vichala vya maua meupe. Ukitaka uhakika, angalia shina: lina mbawa laini za kijani zinazoshuka kwa urefu wake. Ukiziona hizo, ndio wenyewe.

Kijana wa Makete, sakitu ya kwenye viazi naikubali, lakini hii siyo. Sakitu inatoka hewani: mvuke unagandia juu ya kitu chochote kilichopoa, iwe jani, kioo cha gari au paa la bati. Ndiyo maana haichagui. Hii ya Mama Neema imechagua mmea mmoja ikaacha mingine yote, kwa sababu maji yake yanatoka ardhini na kupita ndani ya mmea.

Na fundi, kwenye bomba upo sahihi kabisa, ila shina halifanyi kazi kama bomba lililozibwa. Kusanya tepe zote za shina moja uziyeyushe kwenye kikombe, kisha ulipime shina lenyewe. Maji utakayopata hayawezi kuwa yalikuwemo ndani ya kile kipande cha shina kabla ya usiku. Yameendelea kuja usiku kucha. Barafu hii haikusukumwa nje na uvimbe, maji yake yamevutwa.

Iko hivi. Mwezi wa kumi na moja hewa inaweza kushuka chini ya sifuri usiku mmoja, lakini udongo bado una joto la miezi iliyopita, na ukiwa na unyevu wa ile mvua ya wiki jana, maji yanaendelea kupanda kutoka mizizini. Ndani ya shina kuna vijia vyembamba vinavyotoka katikati kwenda pembeni, hadi chini ya ganda. Maji yakifika pale pembeni yanakutana na baridi, tabaka la kwanza linaganda na ganda linachanika. Sasa hapo ndipo penye utamu. Kati ya barafu na nyama ya shina unabaki utando mwembamba sana wa maji ambao haugandi, na barafu inavuta maji mapya kupitia utando huo. Kila tone linaganda pale pale kwenye shina na kuisogeza nje ile barafu iliyotangulia. Utepe unakua kama kucha: ncha ndiyo ya zamani, na mpya iko shinani. Unajikunja kwa sababu upande mmoja wa mchaniko unalisha haraka kuliko mwingine.

Siku nyingine ukiwahi, piga magoti uutazame utepe kwa karibu kabla ya kuugusa. Utaona mistari myembamba sana, imepangana, inatoka shinani kwenda nje. Kila mstari umefuata kijia chake. Mimi mpaka leo nikiiona ile mistari nasimamisha kazi.

Kwamba kuvimba kwa maji si sababu, lilishathibitishwa zamani kwa njia nzuri sana. Stephen Taber, mwanajiolojia wa South Carolina, alikuwa anachunguza kwa nini barabara na udongo hunyanyuka wakati wa baridi. Katika kazi zake za 1929 na 1930 aliondoa maji akatumia benzini ya maabara, kimiminika ambacho kikiganda kinapungua badala ya kuvimba. Udongo ukanyanyuka vile vile. Kwa hiyo nguvu iko kwenye huko kuvuta na kujijenga tabaka juu ya tabaka.

Nikirudi mlimani: waliopita kambi ya Barranco, karibu mita 4,000, asubuhi mapema, wameshaikanyaga ndugu yake. Njia imejaa sindano za barafu zimesimama wima, zimebeba vichanga na vijiwe kichwani, zinavunjika chini ya viatu. Ni kazi ile ile, maji ya udongo yanavutwa juu na kugandia kwenye uso wa ardhi. Tofauti ni kwamba Texas tunasubiri mwaka mzima, kule mlimani inatokea karibu kila usiku wenye anga safi. Olov Hedberg, mtaalamu wa mimea wa Uswidi aliyeichunguza milima yetu, alisema kule juu ni kiangazi kila mchana na majira ya baridi kila usiku. Sindano hizo zinang'oa miche midogo mizizi juu, kwa hiyo kinachofanikiwa kuota pale kimepambana kweli. Senesio wakubwa, mimea ya kule juu, wanakunja majani yao usiku kufunika chipukizi, na majani makavu hawayaachi yadondoke, wanayavaa shinani kama yalivyo. Lobelia nao wanatunza maji katikati ya majani: juu yanaganda tandu la barafu, chini yanabaki maji, na chipukizi limekaa salama humo. Nilipita pale nikiwa na mzigo kichwani kwa misimu mingi kabla mgeni mmoja hajaniomba nivunje lile tandu kwa kidole nijionee maji ya chini.

Mama Neema, kuhusu mwenye nyumba, narudi jioni nikuandikie vizuri. Naingia kazini.

Fundi Bomba, Houston

Mkuu, hilo la benzini limenikalisha chini. Ahsante.

Zuhura, Uswisi

Hamjambo. Naongezea ya huku, maana tunayo nyingine ya namna hiyo, na ni tofauti kidogo.

Katika misitu ya huku, kwenye matawi yaliyokufa na kulowa yakiwa chini, asubuhi za baridi kidogo tu, sifuri au chini yake kidogo, unakuta nywele nyeupe za barafu. Namaanisha nywele kweli: nyembamba, laini, ndefu kama kidole, zimechanwa upande mmoja. Zinaota kwenye mbao yenyewe, pale gome lilipobanduka. Palipo na gome hakuna kitu. Mara ya kwanza niliokota tawi nikidhani limeota ukungu.

Alfred Wegener, yule yule wa nadharia ya mabara kuhama, aliandika mwaka 1918 kwamba anahisi kuna kuvu ndani ya mbao hizo. Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 2015, watafiti wa Ujerumani na Uswisi walionyesha kwamba katika mbao zote walizochunguza alikuwepo kuvu aitwaye Exidiopsis effusa. Ukimuua kwa joto au kwa dawa, tawi linatoa ganda la barafu la kawaida, nywele hazioti. Kinachovuta maji ni kile kile alichoeleza Mkibosho. Kazi ya kuvu ni kulinda umbo: kuna mabaki ya mbao aliyoyameng'enya yanayoingia kwenye ile barafu na kuzuia nywele zisigandane kuwa donge, ndiyo maana zinadumu kwa masaa.

Huko Texas mnazo hizi pia, au ni tepe tu?

Mkibosho

Zuhura, ahsante sana. Hapa kwenye bustani zetu nimeona tepe tu. Ya kwako ningependa kuiona kwa macho.

Tepe zenyewe si za mmea huu peke yake. Kuelekea Missouri na majimbo jirani kuna Cunila origanoides, mmea mdogo wa jamii ya mnanaa, nao unatoa. Kuna Pluchea camphorata wa sehemu chepechepe. Huyo na jamaa zake ndio John LeConte aliowaeleza mwaka 1850 kutoka nyanda za chini za South Carolina na Georgia, na yeye ndiye aliyeandika kwa makini kwamba maji yanatoka ardhini. Kabla yake, mwaka 1833, John Herschel alishaeleza barafu kama hii kwenye mashina ya mbaruti huko Uingereza. Ni orodha fupi. Mimea mingi wakati huo inakuwa imeshakata maji, au shina lake ni gumu halichaniki.

Sasa Mama Neema. Mwombe mwenye nyumba asifyeke Jumamosi, na usimwambie habari ya barafu kwanza. Mwambie hivi: mmea huu unachanua mwishoni mwa mwaka wakati maua mengine yamekwisha, na vipepeo wale wa rangi ya chungwa na mistari myeusi wanaopita Texas mwezi wa kumi kwenda Mexico wanakula hapo, pamoja na nyuki. Ni mmea wa asili wa hapa, hautaki kumwagiliwa, na unaota kivulini ambako nyasi zake za kupanda hazikubali. Akitaka usafi, afyeke Februari. Mizizi iko hai, utachipua tena majira ya kuchipua. Akifyeka sasa hivi hadi chini, barafu ya mwaka huu mmeikosa, kwa sababu inatoka kwenye kile kipande cha chini cha shina. Akibisha, basi akate vichwa aache kama mita moja. Mimi wateja wangu wengi wanakubali hilo la mita moja.

Mama Neema, Texas

Mkibosho, Zuhura, wote, Mungu awabariki. Nimeenda kuangalia, mbawa zipo kabisa kwenye shina. Nimeshampigia mwenye nyumba, amekubali kukata juu tu. Je, mashina yale yaliyochanika leo yatatoa tena? Maana wanangu wanalia wamekosa. Na naweza kuikata nikaiweka kwenye friza?

Mkibosho

Yatatoa, lakini usiku wa kwanza ndio wenye tepe kubwa. Kila mchaniko unapoongezeka shina linaharibika, kwa hiyo zinazofuata ni fupi na ziko chini zaidi, karibu na udongo. Tafuta pia mashina ambayo hayakuchanika leo, hasa yale ya ndani kabisa ya korongo.

Angalia utabiri: usiku wenye anga safi, hewa imetulia, nyuzi 2 hadi 5 chini ya sifuri, na udongo una unyevu. Kama haijanyesha, mwagilia mizizi mchana wake. Waamshe watoto giza likiwa bado, wavae glavu, na muanzie upande wa magharibi wa korongo maana ndiko jua litakakofika mwanzo. Kwa picha, weka kitambaa cheusi nyuma ya shina, mlale chini kabisa, na msiupumulie.

Friza unaweza. Tanguliza sahani na kisu humo usiku kucha vipoe, kata shina zima chini ya utepe bila kugusa barafu, lilaze kwenye sahani, funika. Itakaa siku chache, kisha itaanza kupungua yenyewe maana hewa ya friza ni kavu.

Leo usiku naona utabiri wenu ni nyuzi 2 chini.