Mjadala: Magogo ya Kalambo hayatoshi kubadili somo la Zama za Mawe?

Wanajamvi, naleta hoja, ipingeni kwa ushahidi. Wengi wetu tulikariri shuleni kwamba watu wa Zama za Mawe za Kale walilala mapangoni na kutangatanga wakifuata wanyama na matunda. Mimi nasema somo hilo liandikwe upya, na sababu iko mpakani, Rukwa na Zambia.

Mwaka 2019 timu ya Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool ilichimba kando ya Mto Kalambo, upande wa Zambia, juu kidogo ya maporomoko. Ikakuta magogo mawili yamepandana. La juu, lenye urefu wa mita 1.4 hivi, limechongwa pengo kwa chini ili likalie la pili bila kuteleza. Alama za kukatwa na kukwanguliwa kwa mawe bado zinaonekana. Mchanga uliolifunika ulipopimwa, umri ukaja takriban miaka 476,000. Binadamu wa aina yetu alikuwa bado hajatokea! Udongo uliojaa maji muda wote ndio uliozuia miti hiyo isioze.

Sasa tazameni kazi yenyewe. Anayechonga pengo lazima ajue gogo la pili litakaaje kabla hajaanza. Anahitaji jiwe zito la kukatia na lenye makali ya kukwangulia. Magogo mazito namna ile sidhani aliyabeba peke yake. Na mashoka ya mawe, kama yale ya Isimila kule Iringa, kwa nini tunayaona kama visu vya nyama tu? Peninj, karibu na Ziwa Natron, mashoka yenye zaidi ya miaka milioni 1 yamekutwa na chembechembe za miti jamii ya mgunga. Walikuwa maseremala, ila mbao zao zimeoza na mawe yakabaki.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, hapo umekimbia. Magogo mawili si nyumba. Watafiti wenyewe wanasema huenda ni jukwaa, njia ya kupita penye tope au msingi wa kibanda. Wahadzabe wa Eyasi wanachonga pinde, mishale na vijiti vya kuchimbia mizizi, wanajenga vibanda, na bado wanahama. Useremala hauthibitishi makazi ya kudumu.

Mchangiaji wa pili: Naongezea. Eneo moja tu, halafu tubadili vitabu vya nchi nzima?

Mwanzisha mada: Makazi ya kudumu sijayadai, na mfano wa Wahadzabe unanisaidia mimi. Mhadzabe anahama akijua maji yako wapi na mbuyu upi una asali. Huko si kutangatanga. Ninachokataa ni picha ya mtu anayeishi kwa kubahatisha. Watu waliotoa jasho kuunganisha magogo kando ya mto walitarajia kukaa hapo kwa muda au kurudi. Kuhusu eneo moja: mbao za umri huo hazipatikani kirahisi popote duniani, kwa hiyo tukisubiri kumi tutafundisha kosa lilelile kwa vizazi. Sentensi mbili katika kitabu cha shule hazigharimu kitu: waliunganisha magogo, tena Kalambo.

Walimu wa historia mliomo humu, mtoto akiwauliza leo watu wale walijenga nini, mnamjibuje?