Koili ya tangi la asidi: Monel au Hastelloy?

Mchovya_Zinki, Unga Limited
Wakuu, nataka koili ya kupashia tangi la asidi, tunatoa kutu kabla ya kuchovya vyuma kwenye zinki. Nimeletewa bei za aloi mbili za nikeli, Monel 400 na Hastelloy C-276. Hiyo ya pili imenitoa jasho. Nalipa Ijumaa, nichukue ipi?

Shafti
Asidi gani? Kali kiasi gani? Umeandika yote isipokuwa yanayohitajika.

Welda_Majengo
Chukua stenlesi 316 mkuu, hayo mengine ni majina ya kutishia wateja. Matangi ya maziwa yote nachomelea 316, haijaniangusha.

MamaBoila
Maziwa na asidi wapi na wapi, kaka? Kiwanda kimoja nilichofanyia kazi hapa Moshi kilifunga koili ya 316 kwenye hidrokloriki kwa ushauri kama huo. Vilianza vitundu vya sindano kando ya weldi, hakuna aliyeviona. Usiku mvuke unaopita ndani ya koili ukizimwa, koili inapoa na kufyonza asidi. Asubuhi ikarudi pamoja na maji hadi kwenye boila. Koili tulitupa, boila ndiyo iliyotuliza. Utando wa kromiamu unaokinga stenlesi hutobolewa na kloridi. Molibdenamu ndiyo metali inayosaidia kuzuia vitundu hivyo: 316 inayo asilimia 2 hadi 3, C-276 kama 16.

Mchovya_Zinki
Ni hiyo hiyo hidrokloriki, asilimia 15 hivi. Joto sijapima.

Shafti
Basi Monel iondoe. Asidi iliyokwisha kula kutu ina feriki (chuma kilichoyeyuka kutoka kwenye kutu, nacho hula metali), na Monel ni nikeli na shaba, haina kromiamu ya kuihimili. Ila kwani unaipasha ya nini? Inayopashwa ni salfuriki, nyuzi 60 hadi 80. Hidrokloriki hufanya kazi bila moto. Ukiipasha, mvuke wake utakula mapafu ya vijana na mabati ya paa.

Mchovya_Zinki
Njoo Arusha mwezi wa saba asubuhi uone kama kutu inatoka.

Welda_Majengo
Na floraidi ya maji ya Arusha mmeihesabu? Meno yenyewe yameshindwa.

MamaBoila
Hizo ni miligramu chache kwa lita. Zinaharibu meno, si 316. Usituhamishe.

Kahawa_Chungu
Ukinunua Hastelloy dai cheti cha kiwanda chenye namba ya bomba lenyewe. Sumaku haitakusaidia: C-276 haishiki, na stenlesi 304 ya bei chee haishiki vilevile.

Mchovya_Zinki
Cheti hajanitajia. Ngoja nimpigie.

Welda_Majengo
Mwenye vipande vya 316 vya inchi 2 aje inbox, nina kazi ya pipa la mbege.